Gunia Bichi Juu ya Tangi

Mashine imewaka, Baba Penina. Imewaka kwa mvuto mmoja, na mkono uliovuta kamba ni wa mwanangu. Leo nitasema ni wangu tu, wako atakuwa kesho, uniwie radhi. Boti imetoka hapa Chara ikanguruma mpaka kwenye kona ya viboko, ikageuka, ikarudi, haikukohoa hata mara moja, na ndugu yako Komora alikuwa amekaa ndani amenyamaza kama mkwe mgeni.

Haya, sasa salamu. Sisi wazima. Mama yako mzima isipokuwa mguu. Mpunga wa chini maji yaliuchukua, wa juu umebaki na unapendeza. Wewe sijui mtu anamjuliaje hali marehemu, kwa hivyo sikuulizi, nakwambia tu kwamba upande wako wa kitanda bado nauacha wazi.

Nakuandikia kwa sababu kaburini sipati nafasi. Nikikaa pale kidogo, mama yako anakuja na kigoda chake, anajifanya anang'oa majani, kumbe anasikiliza. Na haya yangu si ya kusikilizwa na kila mtu, hasa yanayomhusu yeye.

Ulipotuacha, wazee walikaa, na boti ikabaki kwa Penina. Si kwa kupenda. Walisema ni mtoto wa kike, walisema mto huu si wa kuchezea, mwisho Komora akasema basi aijaribu kwanza. Mimi hilo neno aijaribu sikulipenda. Mtu anayekupa kitu ukijaribu, ameshapanga kikirudi atakiweka wapi. Lakini nilinyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwangu kulivyo ghali.

Mwanzoni alikwenda vizuri sana. Kilelengwani na kurudi, kina mama na magunia yao, walimu, hata mchungaji na gitaa lake. Mimi nilikuwa nasimama ukingoni, nikisikia mlio nawaambia wenzangu huyo anakuja, bila hata kugeuza shingo. Walinichoka. Wachoke tu. Nani mwingine hapa amezaa nahodha?

Halafu mashine ikaanza kukohoa. Safari ya asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Inawaka, inakwenda, boti ikiyumba kidogo inakata. Penina anabinya kile kipira cha kusukuma mafuta, anangoja, inawaka, inakata tena. Siku moja ilimkatikia pale pale kwenye kona ya viboko, boti imejaa watu. Akashika upondo akasukuma, viboko wanapuliza maji hapo karibu, kina mama wanaomba kila mmoja kwa dini yake. Akawafikisha. Alishuka amechubuka viganja vyote viwili na hakulia mpaka alipoingia kwangu jikoni. Nilimfunga kitambaa, nikatoka nikaenda kulia changu nyuma ya nyumba, asinione.

Vijana wa kivukoni ukawasikia, panda chombo cha Penina ujifunze kuogelea. Hao niliwajibu, na hawatanisahau upesi. Walioniuma ni wale waliosema kwa upole kwamba mashine inamlilia mwenyewe, haitaki mkono mwingine. Abiria wakaanza kuhamia boti nyingine. Kisha Komora akaja na habari kwamba kuna mtu huko Madogo anaitaka mashine, na kwamba tukikutana kwa maombi yako ya kumbukumbu, jambo hilo lifungwe siku hiyo hiyo. Auziwe mtu wa Madogo. Mashine uliyokula nayo jua miaka yote, mtoto amekulia kwenye harufu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia watu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa yule anayetuuzia petroli Garsen. Kicheko chake ni kirefu mno kwa mtu wa biashara safi. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anatutilia vitu. Hakukasirika, na hilo nalo nikaliweka akilini.

"Mama Penina," akasema, "petroli hii ndiyo wanayotia wenye pikipiki wote hapa. Umesikia hata moja inakohoa?"

Nikasikiliza. Haikukohoa hata moja. Nikamwambia pikipiki zake zimezoea, nikaondoka.

Penina hakucheka. Alichukua petroli ya yule mtu ikiwa tupu, kabla ya kuchanganya oili, akadondosha kwenye karatasi nyeupe akaiacha kivulini. Ikakauka yote, haikuacha doa. Alisema ingetiwa mafuta ya taa, pangebaki alama ya mafuta. Sikufurahi. Mtu akishapata adui hapendi kunyang'anywa.

Wa pili ni ndugu yako. Asubuhi moja nimetoka kuchukua kuni, namwona ameinama kibarazani kwetu kwenye lile tangi la petroli tunalolitoa botini kila jioni, vidole viko kwenye kifuniko. Aliponiona akajinyoosha.

"Naangalia tu, shemeji."

Anaangalia tu. Mtu mzima anayetaka mashine iuzwe anaangalia nini kwenye tangi la mtoto, jua halijachomoza sawasawa? Nikamkaribisha chai kwa ile sauti yangu tamu, ile uliyokuwa ukiiogopa. Alikunywa haraka akaenda zake. Nikajua nimempata.

Siku hiyo hiyo Penina alifungua kichujio cha mafuta akaniita. Chini ya petroli palikuwa na vitone vinabingirika kama macho ya samaki, kila ukiinamisha vinakimbia pamoja. Akaniambia, mama, haya ni maji. Nikamwambia jina la aliyeyatia ninalo hapa mdomoni.

"Usimtaje mtu kwanza," akasema. "Tuziulize chupa."

Baba Penina, mtoto huyu akili hakuitoa kwenu.

Akatafuta chupa za maji ya dukani, zile unazoona ndani. Moja akaijaza petroli ya mtungi ilivyotoka Garsen. Ya pili akaijaza kutoka kwenye tangi jioni, baada ya kuchanganya oili. Ya tatu akaijaza kutoka kwenye tangi hilo hilo asubuhi, ameivuta chini kabisa kabla halijatikiswa. Akazipanga mbali na jiko akaziacha zitulie. Ya kwanza safi. Ya jioni safi, ina ile rangi ya oili juu mpaka chini. Ya asubuhi, chini yake pamekaa mkanda wa maji meupe, na mpaka wake umenyooka kama uliopigwa rula. Akazitikisa, akaziacha tena. Mkanda ukarudi pale pale.

Kwa hivyo maji hayakutoka Garsen. Yalikuwa yanaingia hapa nyumbani, tangi likiwa limelala.

Unaelewa neno hilo lilivyonikaa? Kwenye boma hili tunalala mimi, Penina, mama yako, na Komora upande wa pili wa ua. Nikawa nawatazama wakila. Komora akiomba chumvi, najiuliza anaomba chumvi kwa nini. Hata mama yako, Mungu anisamehe, nilimtazama, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kibarazani kila jioni na kopo la maji.

Gunia unalikumbuka. Ulilianzisha wewe. Ulikuwa ukirudi na tangi limeungua jua, unalowesha gunia unalitandaza juu yake, kama watu wanavyofunika mtungi wa maji ya kunywa upate ubaridi. Ulisema petroli ikichemka inakwenda na hewa. Ulipofariki, kazi hiyo aliichukua mama yako, hakuna aliyemtuma. Jua la jioni likiwa bado linapiga kibaraza, anakwenda na kopo lake, anamwagia gunia, anasimama hapo kidogo, anarudi. Sisi tulimwacha. Nani atamkataza mama kumwagia maji gunia la mwanawe?

Basi Penina akakaa mbele ya tangi, akaniuliza, mama, baba alikuwa anafanyaje akirudi? Na hapa pasisahaulike, ni mimi niliyekumbuka, si mwingine. Ulikuwa ukitua tangi chini unakaza ile skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko, unaligonga mara moja na kusema, "Haya, lala." Asubuhi kwenye boti unailegeza, "Haya, pumua." Nilikuwa nakuambia hilo tangi unaliaga vizuri kuliko mimi. Ulicheka. Hukuwahi kukanusha.

Penina akafunua gunia. Skrubu iko wazi. Kwenye kile kishimo cha kifuniko maji yametuama, na katikati yake ndipo tundu la hewa lilipo.

Akamwita Komora, akamuuliza bila kumtupia neno, baba mdogo, skrubu hii ulisema isikazwe, kwa nini? Komora akakubali ni yeye aliyesema. Akasema siku za mwanzo, wewe umeondoka juzi tu, Penina alisahau siku moja kuilegeza, tangi likakosa hewa, mashine ikakabwa katikati ya mto. Yeye alikuwa ukingoni anaona, hana la kufanya. Ndipo alipomwambia mtoto asiikaze tena kabisa, na tangu hapo hupita kila asubuhi kuhakikisha iko wazi.

"Nilikuwa namchungia," akasema, na hakumtazama Penina, alinitazama mimi.

Mimi nikatazama kuku.

Penina akachukua chupa tupu, akatoboa kifuniko kwa msumari wa moto, akaiacha juani mpaka ikawa ya moto. Akaweka kitambaa kilicholoa maji juu ya tundu, akaitia chupa kwenye beseni la maji baridi. Tukainama wote, vichwa karibu kugongana. Tone likaanguka ndani. Likafuata jingine. Akasema tangi nalo hivyo hivyo, likipoa linavuta pumzi, na pale kwenye tundu hapana hewa, pana maji. Komora akamnyang'anya chupa akarudia mwenyewe, kisha akarudia tena, kama mtoto.

Hakuna aliyeyatia, Baba Penina. Kila mmoja alikuwa anakupenda kwa njia yake, na mapenzi yao yakakutana juu ya kifuniko. Nilibaki na shuku yangu mkononi sina pa kuiweka.

Sikiliza alivyofanya, ujue umeacha mtu. Alimwaga tangi lote, akaliacha wazi likauke kabisa. Akasafisha mpira wa mafuta, kichujio, akafungua ile skrubu ya chini ya kabureta, na hata huko yakatoka maji. Sasa mtungi ukifika kutoka Garsen unatulia kwanza, na petroli ya chini kabisa haimiminwi. Inapitia kwenye faneli yenye wavu mwembamba. Jioni tangi linajazwa, lisibaki na nafasi kubwa ya kuvuta pumzi, na linakaa ndani ya kile kibanda cha nyavu, kivulini, mbali na moto. Na kila asubuhi chupa moja inajazwa na kutulizwa kabla ya abiria kupanda. Vijana wa kivukoni wanakuja kuitazama. Nawaambia wasiguse.

Komora hajataja Madogo tena. Leo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda, akakaa mbele ambako watu wote watamwona. Nimempelekea samaki wa kukaanga. Sikumwambia ni wa nini na hakuuliza, lakini sahani imerudi tupu.

Mama yako ndiye aliyekuwa mzito kuambiwa. Nilitaka tumfiche. Penina akakataa, akamweleza taratibu, akamwonyesha chupa. Mama yako akaishika, akaitazama, akairudisha.

"Sasa jioni nitakuwa nafanya nini?" akauliza.

Baba Penina, mimi nikachukua chupa nikaanza kuifuta.

Penina akamshika mkono akampeleka kibandani, akamwekea vidole juu ya ile skrubu, akamfundisha kuikaza. Akamwambia, nyanya, hii ndiyo kazi yako, bila wewe mimi sitoki. Tangu siku hiyo jioni anakwenda bila kopo. Jana nilikuwa mlangoni na ungo, najifanya napepeta mchele. Nikasikia kidole kinagonga tangi mara moja. Kisha sauti yake, ndogo kabisa.

"Haya, lala."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Kumbe hata yeye alikuwa akikusikia. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu.

Akishatoka mimi hupita nyuma yake nikaigusa skrubu. Si kwamba simwamini. Naangalia tu. Na yule wa Garsen bado namwangalia, kicheko kile hakijanitoka.

Nakuahidi, mashine haitoki mikononi mwa mtoto huyu nikiwa hai, na tundu lile halitalala wazi tena. Maombi yako ni Jumamosi. Wa Kilelengwani Penina atawaleta mwenyewe kwa boti, na wa Garsen watakuja wakiambiwa njia nzima ni nani mama yake. Hata yule mtu wa Madogo nimemwalika, aje aione mashine asiyoipata. Mimi nitasimama ukingoni nimeupa mto mgongo, niusikie mlio kwanza.

Haya, Baba Penina. Lala. Jumamosi wanakuja wote.