Pale Tumbo Lilipopoa

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya Kitinda yametoka. Vidonda vya tumbo — na vinaletwa na vijidudu! Mtoto mzima, fundi cherehani, anajikunja juu ya mashine nami namwambia acha mawazo. Kila asubuhi nampa maji ya ndimu. Siki huzuia achari yangu isioze, nikamwambia daktari basi ndimu itawamaliza. Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Eti tumbo lenyewe ni kali kuliko ndimu, na bado wamo.

Wanaishije? Nimewaza hadi wali ukaungua.

Jumatano, 5 Machi
Nimemrudia daktari, nikajifanya nimesahau namna ya kumeza dawa. Kanishtukia, lakini kanieleza. Ukali ukizidi, kijidudu hubadilisha protini zake. Nikauliza, zile za maharage? Kasema ndugu zao. Kijidudu anayo moja inayopooza asidi pale alipo tu — kama mtu aliyejifunika shuka mbichi nyumba inawaka. Kiumbe asiyeonekana!

Nikauliza tena: mbona kidonge kimoja ni cha kupunguza asidi? Si tunamtandikia kitanda?

“Ndiyo, mama. Akiona pamepoa anaanza kuzaana, na hapo ndipo vile vidonge vikubwa vya kuua vijidudu humpata. Lakini vimezwe pamoja.”

Ujanja huo! Njiani nacheka peke yangu.

Jumapili, 9 Machi
Kitinda kala akamaliza. Kashona huku anaimba.

Alhamisi, 13 Machi
Moyo wangu. Natafuta sindano kwenye droo ya cherehani — vidonge vikubwa, pakiti karibu imejaa! Anameza kile cha asidi tu. Eti vikubwa vinamwachia uchungu mdomoni, na tumbo si limetulia.

“Mama, unalia nini na mimi nimepona?”

Umepona wapi! Kitanda tumetandika, wa kuwakamata hatukumpeleka. Na daktari alionya: wakionjeshwa dawa nusunusu wanaizoea, mara ya pili haiwagusi. Sijui wamekwisha kubadilika? Hubadilika upesi kiasi gani?

Ijumaa, 14 Machi
Naandika hapa benchini, nje ya chumba cha daktari. Nilipanga niingie mimi, niseme vidonge vilidondoka majini. Mlango ulipofunguliwa Kitinda kaichukua pakiti mkobani mwangu.

“Kaa, mama. Nitasema mwenyewe.”

Kaingia. Ukuta mwembamba, nasikia. Daktari anamwuliza: vile vikubwa, hukumeza kabisa, au ulimeza kidogo ukaacha?

Nasikia pakiti ikichakarika mezani.

Hilo hata mimi sikumwuliza, na kama alimeza kidogo, huenda wameshaizoea —