Fuvu la tano

Mwenzangu, leo nimeumbuka.

Si unaijua ile bendi ya wazee wa roki ninayoichorea majalada? Albamu zote kumi na moja, mafuvu matano yamekaa mezani, moja kwa kila mwanabendi. Safari hii meneja aliniambia nichore manne. Nami sikuuliza!

Leo mzee mpiga ngoma wao kaja kuliona jalada jipya. Katoka hospitali juzi tu. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Mimi niko wapi?"

Nikamwambia meneja ndiye aliyeagiza manne.

"Kumbe daktari kawaambia wenzangu ukweli. Mimi kaniambia nitapona."

Yaani mimi ndiye niliyempa habari! Mimi na brashi yangu!

Akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka:

"Wazima umewachora mifupa. Mimi umenizika kabisa."