Picha ya Mlango wa Dada

Acha unachofanya usome. Dada amefunga duka! Dada yangu fundi cherehani, miaka kumi na minne hajapoteza hata kifungo cha mtu.

Jana taarifa ya habari ilisema mafundi wanaiba vitambaa vya wateja. Picha waliyoweka ni mlango wake. Jina hawakutaja. Mlango tu, sekunde tatu. Sekunde tatu!

Leo wateja wamejipanga kudai vitambaa vyao. Dada akatoa gunia la mabaki anayowatunzia, maana yeye humrudishia mtu hata kipande cha upana wa kidole. Mwalimu jirani akadakia: "Ahaa, kumbe mzigo wenyewe huu hapa!" Wakacheka wote.

Halafu akaingia mama. Mama yetu mzazi! Akachukua futi mezani, akaanza kupima kitambaa chake.

"Mama, mimi ni mwanao."

"Najua, mwanangu. Lakini wameonyesha kwenye TV."

Wameonyesha kwenye TV! Na ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

Unamkumbuka muuza maziwa? Redio ilisema anachanganya sabuni, akahama na wanawe. Nani aliomba radhi?

Nimewapigia wa TV. Wanasema ilikuwa picha ya mfano tu. Nikamwambia dada, kwa hasira zangu zote. Akaniangalia.

"Na wewe ulipoiona, ulifikiri nini?"

Jana picha ilikuwa haijaondoka kwenye TV, nami nilishaikumbuka suruali aliyonishonea ikabana, nikajiuliza kitambaa kilichobaki kilikwenda wapi.