Kisima Kinachonuka Reli

Kalemie, kambi ya reli

Papa yangu Djafari, uliye Moba,

Sisi tuko wazima. Mbuzi wa jirani yetu Mama Olga amezaa mapacha.

Tangu wewe na Mama mlipogombana, yeye yuko Niemba kwa bibi. Aliapa hatarudi mpaka kisima chako kiache kunuka lami ya yale mataruma, magogo ya reli uliyojengea kuta zake. Mataruma tumeyang'oa, lakini harufu imebaki.

Madamu Hortense, mwalimu wetu, anasema ni fenoli, kemikali ya lami iliyoingia majini. Nilichoma kokwa za chikichi, nikachuja maji kwa makaa yake. Harufu haikutoka. Madamu akacheka: "Zainabu, hayo ni makaa ya kupikia bukari!" Tukayachoma tena kwa mvuke, yakapata vitundu visivyoonekana. Makaa hayanywi fenoli kama sifongo. Huishika kwenye kuta za vitundu. Kuta zikijaa, tunabadilisha makaa.

Sasa harufu imekwisha; maji yamepimwa, ni safi. Nilimpelekea Mama chupa moja. Akaonja, kisha akauliza: "Papa yako anarudi lini?"

Nilimjibu kwamba nitakuandikia.

Binti yako anayebadilisha makaa kila Jumamosi,
Zainabu