Aliyenipiga Ni Wifi Yako

Kagunga, Jumanne

Dada Tatu, shikamoo. Mimi nipo, napumua, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyo nayo. Vipi mguu wako, uvimbe umepungua? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Nawaombea afya nyote hapo Kasingirima.

Huku kijiji kimefurika wakimbizi kutoka Burundi. Ufukwe wote ni watu, mablanketi, masufuria na watoto wanaolia. Maji ya kunywa ni kugombania. Sisi mafundi wa injini za boti hatupumziki. Hayo utakuwa umeyasikia redioni. Langu hujalisikia, kwa hiyo kaa chini usome.

Juzi mama mmoja mkimbizi aliniomba ndoo akachotee maji, nikampa. Wifi yako aliporudi kutoka kuuza dagaa akaikosa ndoo yake, hakuuliza mara mbili. Alichukua mchi wa kinu akanipiga nao mkononi, na nilipoinama akaniongeza kichwani. Usiniambie ni wivu wa mapenzi! Mwezi uliopita nilipigwa kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga aliyoipika mwenyewe.

Nikaenda zahanati, damu inanichuruzika hadi shingoni. Foleni yote ni wakimbizi, na nesi aliponiona akadhani nami nimevuka mpaka. "Maskini baba wa watu! Nani kakufanyia hivi? Wanajeshi?" Akanitoa kwenye foleni, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kina mama wa Kirundi wakanishika bega, "Ihangane, ihangane," ndiyo pole ya kwao. Dada, tangu nioe sijawahi kuonewa huruma hivyo. Machozi yakanitoka wala sikuona haya.

Nikaona nisiwadanganye. Nikasema, "Mimi ni wa hapa hapa. Aliyenipiga ni mke wangu."

Nesi akaziba mdomo, mabega yanamtikisika. Mlinzi wa mlangoni akapiga makofi: "Mwanaume mzima! Na wewe ulikuwa unatazama tu?" Kijana mmoja akawatafsiria wale kina mama, nao wakaangua kicheko. Watu waliopoteza nyumba zao, Dada, wananicheka mimi! Nesi akachukua kiti chake, nikarudishwa mwisho wa foleni. Kidonda ni kile kile, damu ni ile ile. Hebu niambie, kilichobadilika ni nini?

Nilipokwisha kufungwa bandeji nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia, "Kapatane na mkeo, kupigana ni mambo ya ndani." Nikamwambia hatukupigana, nilipigwa. Akasema ni yale yale. Si yale yale hata kidogo! Mimi sikumgusa. Nguvu ninazo, lakini wewe ndiye uliyenilea na kunikanya nisiinue mkono kwa mwanamke, nami nimekutii.

Sasa nakushangaa. Mara ile nilipokuja kwako na mdomo umepasuka, uliniambia nini? "Rudi kwako, watu watasema." Haya, nilirudi, na hiki ndicho nilichorudia. Nimekasirika, Dada, na wewe umo katika hasira hiyo, siwezi kukuficha.

Jumamosi napanda boti kuja. Mkono hata spana haushiki, na nikibaki hapa zaidi ya hapo utaletewa maiti. Sitaki kikao cha ukoo wala kusuluhishwa. Nataka pa kulala mpaka nipone, basi.

Msalimie sana shemeji, na mama mkubwa wa Ujiji aliyeniposea. Akiuliza hali ya mke aliyenichagulia, mwambie hajambo kabisa, ana afya kunishinda mimi.

Na ukiona aibu kunifungulia mlango, usijisumbue. Nitakaa pale barazani kwako na bandeji yangu. Wapita njia wakiniuliza nimepatwa na nini, safari hii sitasema nilianguka kwenye boti. Nitawaambia ni nani, na nitawaambia ni nani aliyenirudisha kwake.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi