Kidole cha Githinji

Wanja, wacha kila kitu usome hii. Idil wetu amemnyamazisha bosi Githinji leo. Nimeona kwa macho yangu!

Tulikuwa Eastleigh kwa Mama Fadumo, yule wa duka la vitambaa, tukimwonyesha app ya kuagiza mzigo. Mama akafinya Tuma. Oda yote ikafutika. Akaandika upya, akafinya. Ikafutika tena!

Unajua Githinji alisema nini? "Mama, shida ni vidole vyako, ni vinene."

Vinene! Kwa mwenye duka! Ndani ya duka lake!

Na Idil alimwambia bosi tangu Jumatatu: batani za Tuma na Futa ni ndogo na zimebanana, usizipime kwa kompyuta ya ofisi, zipime kwa simu ya mteja. Akajibiwa aache kuharibu urembo wa app.

Leo hasira zikampanda. Wala hakupaza sauti. Alimwomba Mama ile futi ya kupimia vitambaa iliyokuwa shingoni mwake, akampima kidole. Kisha akamgeukia bosi.

"Lete chako."

Githinji akacheka. Idil hakucheka.

"Lete kidole, bosi."

Manze, akaleta! Na kimekipita cha Mama kwa unene!

"Haya, chukua simu ya Mama ufinye Tuma."

Akafinya, watu wote wakitazama. Oda ikafutika.

Mama Fadumo akarudisha futi shingoni, akamwambia Idil, "Ukishazipanua hizo batani, rudi. Huyu mwache ofisini na urembo wake."