Kijana Aliyeniomba Nimwandike Vibaya

Bi Noreen, nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama nitazungukazunguka. Nakuandikia nikiwa nimeegesha gari kando ya barabara, maana nyumbani mke wangu ataniuliza naandika nini na sitakuwa na la kumjibu. Yeye husoma ukurasa wako wa ushauri gazetini kila Alhamisi na chai yake mkononi, nami humcheka, na leo mcheka watu ndiye huyu anakuja kwako kichwa chini.

Kazi yangu ni kusaka vipaji. Klabu moja kubwa ya Melbourne, sitaitaja, imenipa eneo lote la ngano huku Mallee nizunguke kila Jumamosi nikitazama vijana wanaocheza mpira wetu wa Australia, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, nione nani anaruka, nani anapiga kwa mguu wa kushoto sawasawa na wa kulia, nani anafumba macho akiona bega linamjia, halafu naandika ripoti, na Novemba ikifika siku ya uteuzi klabu zote huchagua vijana kwa zamu, na kijana aliyeitwa jina hufunga mabegi na kwenda alikoitwa, iwe Perth, iwe Brisbane, yeye haulizwi.

Miaka michache iliyopita nilimfuatilia kijana mmoja wa Warrabeen aitwaye Brody Hocking, na bosi wangu alishakubali kwamba huyo ndiye atakuwa wetu, kumbe jioni moja Brody anatoka mazoezini kangaruu akamkatizia kwenye barabara ya changarawe, pikapu ikapinduka, na kijana akafa hapo hapo karibu na geti la kwao. Nilikwenda mazishini. Mji mzima ulikuja, watu wamesimama uwanjani na sandwichi mkononi, hawazili. Baba yake, Russell, alinishika mkono akaniambia, "Ulimwona lakini, sivyo? Wewe ulimwona akiruka." Nikamwambia nilimwona. 

Sasa, Bi Noreen, Brody aliacha mdogo wake, Ewan, ametimiza miaka kumi na minane mwaka huu. Na mikono ya huyu mtoto, sijui nikuelezeje, mpira ukishuka kutoka juu katikati ya watu sita wanaosukumana yeye hupanda migongoni mwao kama anapanda ngazi ya kwao, anaudaka, anatua, na wala hashangilii, anaurudisha mpira mchezoni kama mtu aliyepewa chumvi mezani akampitishia mwenzake. Siku ya kupimwa, walipokusanywa vijana wote wa jimbo wakapimwa mbio na kuruka, wasakaji wa klabu nyingine waliacha kuongea alipofika yeye. Nimekaa kwenye kazi hii mpaka mvi, na hajatokea mwingine kama huyu mbele ya macho yangu.

Baada ya hapo inabaki kwenda nyumbani kwao, maana klabu haichukui miguu tu, inataka kujua moyo wa mtu na watu wake. Nikaenda Jumapili moja mchana. Mama yake, Lorna, alikuwa ameoka mguu wa kondoo na viazi na maboga, tukakaa, na Russell alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu msiba, amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi, maneno yanamtoka.

"Rafiki yangu, mnataka mrukaji?" akasema. "Huyu atakudakieni hata kunguru wa juu ya ghala!"

Nikacheka. Nikamgeukia kijana. "Ewan, nini hasa unakipenda katika mpira?"

"Kushinda," Russell akajibu. "Huyu hapendi kushindwa, tangu mdogo."

"Ukienda mbali na nyumbani, Ewan, utaweza?"

"Ataweza. Sisi Hocking si watu wa kulialia. Tutamfuata huko huko, hata Perth, nitaendesha gari. Eti Lorna?"

Lorna akainuka akaenda kuchukua mchuzi, na mchuzi ulikuwa pale pale mezani.

Tulipomaliza kula Ewan akaniambia, "Anko, twende nikuonyeshe pampu," nami nilidhani ni adabu tu ya kumtoa mgeni nje. Tukatembea hadi kwenye birika la kunyweshea kondoo, akapiga magoti, akaanza kufungua pampu ya maji iliyokuwa inavuja, na bila kunitazama akasema:

"Anko, naomba uniandike vibaya."

Nikamwambia, "Unasemaje?"

"Andika mimi ni mwoga. Andika sisikii ninachofundishwa, mvivu, chochote. Mna maneno yenu. Andika ili mtu asinichukue."

"Wewe una wazimu? Unajua watoto wangapi wangekata kidole wawe wewe?"

"Wapeni wao basi."

Nikamuuliza amepatwa na nini. Akakaza nati, akailegeza, akaikaza tena. Halafu akasema, "Nikidaka mpira, baba anapiga kelele pale kwenye kamba ya pembeni mwa uwanja. Umewahi kumsikia anaita nini?"

Nikasema watu wengi hupiga kelele.

"Anaita Brody. Kila mara. 'Vizuri, Brody! Hapo hapo, Brody!' Hajui kama anasema hivyo. Watu wanamwangalia halafu wanaangalia chini. Mimi sijawahi kumwambia. Nitamwambiaje? Anafurahi wiki nzima akisubiri Jumamosi. Kabla sijaanza kucheza alikuwa halali usiku, anakaa kwenye pikapu bila kuiwasha. Kwa hiyo nikacheza."

"Na mpira wenyewe huupendi?"

"Sijui. Sijawahi kuucheza nikiwa mimi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kuna fundi wa pampu Mildura, kasema nikimaliza shule ataniingiza kazini anifundishe. Hiyo naipenda. Lakini siwezi kumwambia baba sitaki. Nyinyi mkinikataa, si kosa langu. Atawachukia nyinyi. Mtavumilia."

Bi Noreen, nilimpiga bega, nikarudi ndani, nikala keki, nikaaga. Russell akanifuata hadi kwenye gari akaingiza kichwa dirishani na kuniambia taratibu, "Usituangushe," na macho yake yalikuwa mekundu.

Bosi anangoja ripoti yangu. Nikiandika ukweli wa mikono yake, atachaguliwa miongoni mwa wa kwanza na atakwenda kuishi maisha ya marehemu mbele ya watu elfu hamsini. Nikiandika uongo, nitakuwa nimemchafulia jina kijana safi, na jina likichafuka katika kazi yetu halioshwi, tena klabu nyingine zina macho, wanaweza kumchukua vilevile. Nikimwambia bosi siri ya kijana, nimemsaliti. Nikimwambia Russell, nahofu atarudi kwenye ile pikapu. Na pembeni kuna sauti inaniambia, labda kijana ana huzuni tu, labda akifika huko atachanua, atanishukuru, na mimi nitakuwa niliyemleta. Usingizi umeniruka. Niambie nifanye nini.

Aliyebanwa, Bendigo

*

Noreen anajibu:

Ndugu yangu Uliyebanwa, kwanza pole. Pole ya kazi, na pole ya Brody, maana naona hakuna aliyekupa. Ulisimama pale uwanjani na sandwichi yako, ukaulizwa swali na baba wa marehemu, ukamjibu, ukapanda gari ukaenda kutazama mechi nyingine. Wewe pia umefiwa. Na hiyo sauti ya pembeni inayokuambia kijana atachanua, nakuomba uiangalie vizuri. Hiyo si sauti ya Ewan. Ni yako. Russell anamwita Brody kwa mdomo, wewe unamwita Brody kwa ripoti. Mnamtaka yule yule.

Nimesema kwa ukali kwa sababu mtu wa umri wako anaweza kuubeba. Sasa tufanye kazi.

Uongo usiandike. Kijana amekuomba umpake matope kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoiona, na mtoto akiona njia moja tu ni kazi ya mtu mzima kumwonyesha kwamba zipo nyingine, si kumshika mkono apite hiyo hiyo. Ukimwita mwoga, atabaki mwoga katika mji ule mpaka azeeke. Na baba yake hatapona, atapata tu watu wa kuwachukia.

Siri yake usimpe bosi wako. Hukupewa uipeleke.

Nimempigia simu mtu anayezijua taratibu zenu, na wewe unazijua kuliko yeye, ndiyo maana nakushangaa. Hakuna kijana anayechaguliwa kama jina lake halimo kwenye orodha ya uteuzi, na jina lake limo kwa ridhaa yake mwenyewe. Anaweza kuliondoa kabla siku haijafika. Anaweza pia kuliingiza tena mwaka mwingine akijisikia, mpira hauhami. Je, ulimwambia hivyo pale kwenye birika? Hukumwambia. Ulimpiga bega ukaenda kula keki.

Kuna mtu mwingine umempitia kama kiti. Mwanamke aliyeinuka kufuata mchuzi uliokuwa mbele yake. Lorna anajua. Mama aliyekaa pale kwenye kamba kila Jumamosi akisikia mwanawe mmoja akiitwa kwa jina la mwingine aliyemzika, unadhani hasikii? Mtu huyo amenyamaza kwa sababu anaogopa kile kile unachoogopa wewe, mume wake kurudi kwenye pikapu. Mko watatu mnaomlinda Russell na ukweli, na mzigo wote ameubeba mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo washa gari. Nenda Warrabeen, usipige simu. Mwone Ewan kwanza, mwambie jina ni lake na anaweza kulitoa, na umuulize, si kwa kumvizia, kama anataka kulitoa kweli. Akisema hapana, anataka kujaribu, mheshimu. Akisema ndiyo, mwambie atamwambia baba yake mwenyewe, kwa mdomo wake, na wewe na mama yake mtakuwa mmesimama karibu. Usimsemee. Ameshasemewa vya kutosha mezani pale. Russell akikasirika, mwache akasirike. Akilia, usiangalie viatu vyako. Na usiondoke haraka. Ukipewa chai, kunywa, ukipewa kazi, fanya. Mumhimize Russell aende kwa daktari wa mji, maana mtu aliyekuwa akikaa ndani ya gari lisilowaka anahitaji zaidi ya mpira wa Jumamosi, na hilo lilipaswa kusemwa na jirani yeyote zamani sana.

Halafu uende nyumbani ukamwambie mkeo kila kitu. Anasoma ukurasa huu. Ameshakujua.

*

Jibu langu nilimtumia mwandishi kwanza; barua hizi zilichelewa kuchapwa kwa sababu mwandishi aliniomba ningoje, na familia ikakubali zitoke. Wiki hii ameniandikia tena, nami naweka maneno yake kama yalivyo. Mimi sina la kuongeza.

Bi Noreen, nilikwenda. Walikuwa wameanza kuvuna, vumbi limefunika kila kitu, Russell yuko juu ya mashine. Ewan alisema analitoa jina, hakusita. Lorna alivua aproni akatoka nasi bila kuuliza tunakwenda wapi.

Russell alipotuona wote watatu tumesimama kwenye mabua akazima mashine akashuka, akasema, "Nani kafa?" kwa utani, kisha akaona nyuso zetu.

Ewan akamwambia. Alisema vibaya, kwa kukatakata, akaanza na fundi wa Mildura akarudi kwenye mpira. Russell akapandisha sauti, akasema mambo ya kipaji kutupwa jalalani, akanigeukia mimi akaniita jina ambalo hutalichapa. Ndipo Ewan akasema, "Baba, unaniita Brody."

"Lini?"

"Uwanjani. Kila nikidaka."

"Mimi? Siwezi." Akamtazama mkewe. "Lorna, nimewahi?"

Lorna akasema, "Kila Jumamosi, Russ."

Akakaa chini pale pale, kwenye mabua, kofia mkononi. Hakulia kwa sauti. Ewan akakaa karibu naye, si karibu sana. Mimi nilitaka kuondoka, nikakumbuka ulivyonikataza, nikapanda kwenye mashine, ambayo siijui, na Lorna akanielekeza kwa kupunga mikono mpaka tukamaliza ule mstari, umepinda vibaya sana.

Jina lilitolewa. Bosi wangu alinifokea na bado ananinunia. Siku ya uteuzi nilikuwa ukumbini nikasikia majina ya vijana wengine, watoto wazuri, nikapiga makofi. Sitakudanganya kwamba nimesahau. Yale ambayo mikono ya Ewan iliyafanya hayataonekana tena na mtu, na bado nayaota.

Ewan yuko Mildura. Russell anakwenda kwa daktari, Lorna ndiye dereva. Baba na mwana hawaongei sana. Kwa mwezi mzima hawakuongea kabisa.

Jana Russell alinipigia simu. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza hali ya hewa ya huku, akauliza magoti yangu, nikasikia redio jikoni kwao.

Halafu akasema, "Ewan anakuja Jumapili. Nataka kumpikia mimi mwenyewe. Rafiki yangu, yule mtoto anapenda kula nini?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mimi," akasema.

Nikamwambia ampigie amuulize. Akasema, "Nimpigie nimuulize hivyo tu?" Nikasema hivyo tu. Akakata simu bila kuaga, nami nikakaa nayo mkononi nikiomba simu ya Ewan kule Mildura ipatikane.